Landrova 109: kabla hujanunua masta silinda mpya

Wenye Landrova 109 (ile ndefu, yenye inchi 109 kati ya ekseli) wengi wanaoniletea gari kwa ajili ya breki huwa wameshaamua ugonjwa ni nini. Pedali ilizama, wakakanyaga tena ikapanda, mtu wa dukani akawaambia masta silinda, ile pampu ya pedali inayosukuma mafuta ya breki, imekufa, na sasa masta mpya iko ndani ya boksi kwenye kiti cha abiria. Kuna siku huwa ni kweli. Lakini mara nyingi masta ni nzima kabisa, na gari linachohitaji ni spana, jeki na uvumilivu wa mtu kulala chini yake.

109 za Series II mpaka Series III, yaani za kuanzia 1958 hadi 1985, zina breki za dramu magurudumu yote manne, dramu za inchi 11. Na breki hizi hazijirekebishi zenyewe. Magari mengi ya karibuni yenye dramu nyuma yana kifaa kinachozisogeza shuu, yaani vile vyuma vya mviringo vinavyobana dramu kwa ndani, kadiri zinavyolika, kwa hiyo fundi kijana aliyejifunzia kwenye Noah hana sababu ya kujua kwamba kazi hiyo iliwahi kufanywa kwa mkono. Kwenye 109, lainingi (tabaka la msuguano lililo juu ya shuu) ikilika, nafasi kati ya shuu na dramu inaongezeka, na pistoni zinazozisukuma shuu inabidi zitoke mbali zaidi kabla shuu haijagusa. Masta ina kiasi chake cha mafuta inachoweza kusukuma kwa mkanyago mmoja. Mkanyago wa kwanza unaishia njiani; wa pili unazikuta shuu hazijarudi mpaka mwisho, unamalizia safari. Pedali inapanda, na dereva anazoea kupampu. Mazoea hayo nayachukia kuliko kitu chochote kwenye magari haya, kwa sababu siku mtoto akikatiza barabara hakuna muda wa mkanyago wa pili.

Kwa hiyo naanza hivi. Zuia magurudumu kwa mawe au magogo, inua moja, tazama nyuma ya bamba la breki. Utaona vichwa vya bolti vya kurekebishia, kila shuu na cha kwake. Zungusha mpaka gurudumu ligome. Fanya hivyo kwa magurudumu yote, kisha panda ukanyage. Pedali ikiwa juu na ngumu, hakuna upepo kwenye mfumo na masta inafanya kazi. Tatizo lako lilikuwa marekebisho tu. Legeza kila moja mpaka gurudumu lizunguke likikwaruza kwa mbali, kanyaga breki mara kadhaa shuu zikae mahali pake, kisha pima upya. Bolti zikiwa zimeshikwa na kutu, na huku Tanga karibu zote zimeshikwa, usizilazimishe. Zilowanishe kwa mafuta ya kulegeza kutu usiku kucha, ukiangalia mafuta hayo yasifike kwenye lainingi.

Pedali ikibaki laini hata baada ya kubana shuu zote, kuna upepo, au hosi za mpira zimechoka zinavimba. Ikiwa ngumu lakini inazama polepole chini ya mguu uliotulia, na hakuna mahali panapovuja, hapo ndipo namwambia mteja afungue lile boksi lake.

Kuna ugonjwa mmoja wa 109 ambao nimeona mafundi wazuri wakiuhangaikia. Breki za mbele zina silinda mbili kwa kila gurudumu, ili shuu zote mbili ziwe za kuongoza. Shuu ya kuongoza inavutwa na dramu yenyewe inapozunguka, ikajikaza zaidi, kama kabari inayozidi kuingia chini ya mlango unaousukuma. Sehemu kubwa ya nguvu ya gari hili zito kusimama bila buster (kifaa cha kuongezea nguvu ya mguu) inatokana na hilo. Sasa mtu akishusha mabamba yote mawili kwa ajili ya kupiga rangi, halafu akarudisha la kulia kushoto na la kushoto kulia, kila shuu inageuka kuwa ya kufuata. Pedali ni ngumu na iko juu, hakuna uvujaji, lainingi ni mpya, lakini gari halisimami. Kipimo chake ni rahisi: rudi nyuma taratibu ukanyage breki. Gari likikamata vizuri kinyumenyume kuliko likienda mbele, usitoe upepo tena. Fungua dramu uangalie mpangilio.

Gari likivuta upande mmoja, nafungua upande usioshika kwanza. Kwenye 109 mara nyingi nakuta oili ya difu imepita kwenye sili ya habu ikalowanisha lainingi. Wapo wanaozichoma kwa petroli ili zikauke. Usifanye hivyo, oili imeshaingia ndani na itarudi juu breki zikipata moto. Badilisha sili, badilisha shuu za pande zote mbili kwa pamoja. Na vumbi lililomo ndani ya dramu usilipulize kwa kompresa. Lainingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake linaua mapafu. Lowanisha, futa kwa kitambaa, tupa kitambaa.

Gurudumu moja likibaki limeshika baada ya kuachia pedali, fungua nipo yake (skrubu ya kutolea upepo) kidogo. Mafuta yakiruka na gurudumu likaachia, shinikizo lilikuwa limefungwa nyuma ya hosi iliyooza kwa ndani. Kwa nje hosi hiyo inaweza kuonekana nzuri kabisa. Yakishika magurudumu yote, angalia kwanza kama fimbo ya pedali ina mchezo mdogo kabla ya kugusa pistoni ya masta. Bila mchezo huo mafuta hayapati njia ya kurudi. Kama mchezo upo, uliza nani alijaza mafuta mara ya mwisho na alijaza nini, maana oili ya injini au ya giaboksi ikiingia humo raba zote zinavimba, na kila raba ya mfumo mzima itabidi ibadilishwe.

Mafuta yenyewe ya breki watu wanayapuuza sana. Yananyonya unyevu kutoka hewani. DOT 4 mpya haichemki chini ya nyuzi 230. Ikishanyonya maji kiwango kinaweza kushuka hadi karibu 155. Mtu akitoka Lushoto kushuka Mombo, kilomita 30 na kitu za kona na mteremko, huku ameegemea breki badala ya gia, joto hilo linafikika. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabanwa, pedali inagusa sakafu. Badilisha mafuta kila baada ya miaka miwili, na shuka kwa gia ya pili au ya tatu.

Kuhusu hendibreki, 109 haina ya magurudumu. Ina dramu moja nyuma ya giaboksi ndogo, inayoshika propela ya nyuma, yaani shafti inayopeleka nguvu kwenye difu. Usiivute gari likiwa kwenye mwendo, utavunja shafti. Na ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, hendibreki haizuii chochote: difu inaliruhusu gurudumu lililo hewani lizunguke kinyume, na gari linabingirika kutoka kwenye jeki. Weka jiwe mbele na nyuma ya gurudumu lililobaki chini kabla hujagusa jeki, hata kama unabadilisha tairi tu kwenye uwanja ulio tambarare.