Ndago, ukoka na wenzao: mbona ukizidi kulima ndo yanazidi kuota

Watu wanaonitafuta kuhusu bustani zao wengi wala hawana shida ya wadudu, shida yao ni moja, "nimelima, nimeng'oa, nimechoma, wiki mbili tu yamerudi na safari hii yameongezeka". Nikiuliza gugu gani najibiwa "majani tu". Sasa hapo ndo tunapokwama, maana kuna majani na majani, na dawa ya moja ndo mbolea ya jingine.

Nikikuta bustani imevamiwa siulizi mara mbili, nachukua jembe uma nachimba gugu moja taratibu bila kulivuta, natoa na donge lake zima la udongo, alafu namwaga maji udongo utoke nione lina nini huko chini. Kama ni mizizi ya kawaida tu, nyembamba kama nywele, huyo ni mtoto wa mbegu, ukimkata shingoni asubuhi ya jua kali jioni keshakauka. Kishona nguo yuko kundi hilo, anaudhi tu lakini hana siri. Ila ukikuta vijiazi, au kamba nyeupe ngumu zenye pingili, au vitunguu vidogo vidogo, basi ujue ulichokuwa unapigana nacho siku zote sio majani, ni ghala. Majani ni kama mlango tu, ukiubomoa mwenye nyumba anatoa akiba yake anaweka mwingine.

Tuanze na ndago maana ndo inayonipa kazi kuliko zote, na sio mimi peke yangu, mwaka 1977 wataalamu wa magugu waliiorodhesha kuwa gugu baya kuliko yote duniani na sijaona wa kumpa cheo hicho badala yake. Watu wanaiita nyasi lakini sio nyasi kabisa, chukua shina lake lizungushe kati ya vidole utasikia kona tatu, nyasi shina lake ni la mviringo. Hii sio habari ya darasani tu, maana dawa zile za kuua nyasi kwenye mboga za majani mapana haziigusi ndago, mtu anapuliza anasubiri anapuliza tena anasema dawa feki, kumbe dawa nzima ila mlengwa sie.

Chini ya udongo ndago inashona vijiazi kama shanga kwenye uzi, kimoja kinazaa kingine, na vingi viko kwenye sentimita 15 za juu ingawa vipo vinavyoshuka zaidi. Ujanja wake ni huu, kwenye mnyororo mmoja kinachoota kwa kawaida ni kile cha mbele, wengine nyuma wanazuiwa, wamelala. Sasa we unakuja na jembe unakata mnyororo vipande kumi, unadhani umeua, kumbe umewaamsha wote tisa waliokuwa wamelala, kila mmoja sasa anajiona yeye ndo wa mbele! Mi mwenyewe hili lilinikuta nikiwa bado mgeni kwenye kazi, kulikuwa na kona moja tu ya ndago kwenye bustani ya mtu, nikaona nisisumbuke nikaleta pawatila nikapitisha mara mbili, udongo ukawa laini mzuri kama unga, mwenye bustani akafurahi sana. Baada ya mwezi ndago ilikuwa imeenea bustani nzima. Sikupigiwa tena simu na mtu yule na simlaumu.

Kwahiyo unafanyaje? Unaifilisi. Kijiazi kikichipua kinatumia akiba yake kutengeneza majani, na kwa siku za mwanzo majani yanakula tu hayarudishi kitu, mche ukifika majani matano sita hivi ndo unaanza kurudisha chakula chini na kutengeneza vijiazi vipya, na hapo ni kama wiki tatu mpaka nne tangu uchomoze. Umeona mlango ulipo? Ukipita kila baada ya wiki mbili ukakata juu juu tu au ukang'oa, kila mara unamkuta ametoa na hajaingiza. Kijiazi kina machipukizi kadhaa ya akiba kwahiyo atarudi mara ya pili, ya tatu, ya nne, lakini angalia unene wa mche utaona kila safari anakuja mwembamba zaidi. Ukikosa raundi moja kwa sababu ulisafiri au mvua ilinyesha wiki nzima, amejaza ghala tena na umerudi karibu mwanzo. Ndo maana nasema kalenda inaua ndago kuliko nguvu za mikono. Mtu anayelima kwa hasira siku nzima mara moja kwa miezi mitatu anashindwa na bibi anayepita na kijembe kidogo dakika ishirini kila baada ya siku kumi na nne.

Na usinidai matokeo ya mwezi mmoja, ni misimu.

Nailoni nyeusi je? Kwa magugu mengi inafaa, unaziba mwanga yanakufa njaa, lakini ndago ina ncha kali kama sindano inatoboa nailoni nyeusi inatokea juu kana kwamba hakuna kitu. Ajabu ni kwamba nailoni angavu inayopitisha mwanga inaizuia vizuri zaidi, kwa sababu ikifika chini ya nailoni inaona mwanga, inadhani imeshatoka nje, inafungua majani yake humo humo ndani, na jani lililofunguka halina tena ncha ya kutobolea, basi joto linalichoma. Mi huwa nacheka kila nikiliona hili. Halimalizi vijiazi vya chini sana ila linasaidia.

Kitu kingine, ndago haipendi kivuli hata kidogo. Ukishaidhoofisha kwa raundi kadhaa panda kitu kinachofunika ardhi haraka, maboga, kunde, viazi vitamu, majani yakishona juu ndago inabaki chini imepauka.

Ukoka ni mambo mengine. Huu ni nyasi kweli, unatambaa juu na unapita chini pia, na kila pingili inaweza kutoa mizizi na mche wake, kwahiyo jembe la kukata tena ni adui yako, tumia jembe uma. Subiri udongo uwe na unyevu wa wastani, sio tope, unainua donge unalitikisa unafuata kamba mpaka mwisho wake, kazi ya kuudhi kweli lakini ukoka haujifichi na vijiazi, ukitoa kamba zote umetoa ghala lote. Vipande vitakavyobaki vitachipua, vifuate kila wiki. Alafu angalia unatokea wapi, mara nyingi ni njiani au kwa jirani unapita chini ya uzio, bila kuchimba mtaro mwembamba mpakani na kuusafisha mara kwa mara utakuwa unafagia maji ya bomba ambalo halijafungwa.

Sehemu tupu iliyojaa ukoka na mbegu za magugu mengine, na unapata miezi ya jua kali, choma kwa jua. Unasawazisha udongo, unamwagilia ushibe, unatandika nailoni angavu unafukia kingo zote hewa isipite, unaacha wiki nne mpaka sita. Njia hii Jaacov Katan na wenzake kule Israeli waliieleza mwaka 1976, wao wakihangaika zaidi na magonjwa ya udongo, kumbe mbegu za magugu nazo zinapikwa. Kosa la wengi ni kutandika udongo mkavu, udongo mkavu haupitishi joto vizuri na mbegu kavu ni ngumu kufa.

Mbegu nazo tusizidharau lakini. Mwaka 1879 William James Beal, mtaalamu wa mimea wa Michigan, alifukia chupa 20 zenye mbegu za magugu zichimbuliwe moja moja, na ile iliyofukuliwa 2021 bado ilikuwa na mbegu zilizoota, miaka 142 baadae! Nyingi hazidumu hivo, ila unaelewa kwanini kila ukipindua udongo kwa kina unaleta juu kizazi kipya kinachosubiri mwanga tu. Mi kabla ya kupanda naandaa tuta, namwagilia, nasubiri kama siku kumi zijitokeze, nazikwangua juu juu, ndo napanda.

Gugu karoti nalo ni la mbegu, na linatoa maelfu kwa mche mmoja, kwahiyo ling'oe kabla halijatoa maua meupe, na vaa glovu na mikono mirefu bila ubishi, linawasha ngozi na linasumbua watu wenye pumu vibaya.

Sasa mambo ya chumvi na siki, maana najua kuna mtu ameshajaza ndoo. Siki ya jikoni inaunguza majani tu, kwa mche mchanga sawa, kwa ndago umempa likizo ya siku tano. Chumvi acha kabisa, itaua gugu na udongo na chochote utakachopanda hapo, na mvua itaipeleka ambako hukutaka.

Dawa ya kupuliza natumia, sitadanganya, ila mara chache na mbali na mboga. Glifosati ipo sokoni tangu 1974, inaingia kwa jani inashuka mpaka mizizini, na mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani, wasimamizi wa dawa nchi kadhaa hawakukubaliana nao, mi navaa kinga kamili na namaliza. Kinachonishangaza ni watu kukata magugu leo kesho wanapuliza, jamani dawa itaingilia wapi? Ukichagua dawa, acha majani yakue vizuri, puliza, usiguse wiki mbili. Ukichagua jembe, usiache yakue. Ukichanganya njia zote mbili unapoteza zote. Na usichanganyie maji ya mtoni yenye tope, udongo unaikamata dawa ndani ya bomba kabla hujaanza kupuliza. Hata hivo kijiazi cha ndago kilicholala bila jani dawa hii haikifikii.

Samadi pia iulize ilikotoka. Kuna dawa za malishoni zinapita tumboni mwa ng'ombe zikiwa nzima, zinakuja na samadi na kukunja nyanya na maharage yako kama zimeungua. Panda maharage machache kwenye kopo la samadi hiyo, wiki tatu yatakwambia.

Ulichong'oa usitupe kwenye mboji, lundo la nyumbani mara nyingi halifiki joto la kuua. Kamba za ukoka zikaushe juani zivunjike ukizipinda, ndago itie mfuko mweusi uuache juani mpaka vijiazi vikunjamane.

Bustani yangu ya nyuma, ambayo ndago iliingia na udongo wa mche wa kwenye kopo niliopewa na rafiki, ilinichukua misimu mitatu. Wiki iliyopita nimeona kamoja pembeni ya bomba, majani mawili tu, nikachimba pole pole na kijiazi chake nikakitia mfukoni, na baada ya siku kumi na nne nitarudi hapohapo kuangalia.