Modeli za hesabu na shoroba za wanyamapori: dhana potofu na ukweli

Dhana: Bajeti ikiwa ndogo, linda kwanza maeneo yenye spishi nyingi.

Ukweli: Hapo ndipo fedha hupotelea. Tuseme kipande A kina tembo, twiga, pundamilia na nyumbu. B kina tembo, twiga na nyumbu. C kina mbwa mwitu na choroa. Ukifuata wingi utachukua A na B, na B haijakuongezea spishi hata moja. A na C zinakupa zote sita. Modeli hutafuta vipande vinavyokamilishana: gharama iwe ndogo iwezekanavyo, kwa sharti kwamba kila spishi ifikie lengo lake, yaani kiasi cha makazi yake kinachotakiwa kulindwa.

Dhana: Kompyuta ikichora njia ya ushoroba (ukanda wa wanyama kupita kati ya hifadhi), basi wanyama wanapita.

Ukweli: Hili ndilo kosa baya kuliko yote. Ramani hugawanywa miraba, kila mraba ukapewa namba ya ugumu wa kupita: mfano nyika 1, shamba la mahindi 20, makazi 100. Programu huleta njia yenye jumla ndogo kuliko nyingine, hata kama njia zote ni mbovu na hiyo inakatiza mjini. Tena njia hiyo ina upana wa mraba mmoja tu. Miraba ikiwa ya mita 30, huo si ushoroba wa tembo.

Chukua ushoroba wa Kwakuchinja nchini Tanzania, kati ya hifadhi za Tarangire na Ziwa Manyara. Usipoipa namba yake barabara kuu ya Arusha–Babati, ramani itaonyesha nyika tupu. Namba zitokane na kola za GPS (mikanda ya shingoni inayorekodi mnyama alikopita), nyayo na kinyesi, vya masika na vya kiangazi, kwa sababu masika wanyama wengi hutoka nje ya hifadhi. Kisha namba hizo zipunguze nusu, ziongeze maradufu, uchore upya kila mara. Sehemu isiyohama ndiyo ya kuanza kuizungumzia na vijiji.

Dhana: Modeli ndiyo inayoamua.

Ukweli: Australia ilitumia Marxan, programu ya kuchagua maeneo ya kuhifadhi, kupanga upya hifadhi ya bahari ya Great Barrier Reef yenye miamba ya matumbawe, na mwaka 2004 sehemu ya hifadhi isiyoruhusiwa uvuvi ikapanda kutoka chini ya asilimia 5 hadi 33. Lakini mipaka ya mwisho ilichorwa baada ya kupokea maoni ya wananchi, wavuvi wakiwemo. Marxan huendeshwa mara nyingi, tuseme 100. Kipande kinachochaguliwa mara 98 karibu hakina mbadala. Kinachochaguliwa mara 40 kinacho, na kijiji kikikikataa, kiachie utafute kingine.