Alama 48 Nilizozitoa Usiku wa Manane

Barua ya mwaliko huwa fupi. Mratibu anasalimu, anataja shindano, anaeleza kwamba kazi ni ya kujitolea, halafu anauliza kama nitaweza kusoma miswada kadhaa katika majuma matano. Nimeitikia mialiko ya namna hiyo kwa miaka mingi, ya hadithi fupi, ya ushairi, na mara mbili ya tamthilia. Waandishi wanaonifahamu huniuliza kila mara: mnaamuaje? Nadhani mtu aliyetuma kazi yake ana haki ya kujua kinachoipata ikishafika mikononi mwetu, kwa hiyo leo nitajibu kwa kirefu.

Nianze na hesabu, maana hapo ndipo jaji mpya hujikwaa. Miswada kadhaa maana yake mara nyingi ni kama 60. Tuseme kila hadithi ina maneno 3,000. Jumla yake ni maneno 180,000. Mimi husoma maneno kama 200 kwa dakika nikiwa nahukumu, kwa sababu nikienda mbio zaidi ya hapo sisikii tena sauti ya sentensi. Hizo ni saa 15 za kusoma mara moja tu. Ongeza dakika 10 za kuandika maoni kwa kila hadithi, ni saa 10 nyingine, na bado hujarudia hata moja. Tuzo kubwa nazo zina mzigo wake: jopo la Booker, tuzo ya riwaya za Kiingereza, lina majaji watano, na kwa miaka ya karibuni wamekuwa wakisoma vitabu zaidi ya 150 kwa msimu. Sisi wa kujitolea tuna kazi za mchana na familia, hivyo saa hizo zote tunazikata kwenye usingizi.

Na kwenye usingizi ndiko nilikokosea, tena vibaya.

Ulikuwa msimu wangu wa pili. Nilikuwa nimeahirisha mpaka zikabaki siku tatu na hadithi 22. Nikakesha. Washiriki hawaonekani kwa majina, kila mswada una namba yake tu, na mswada namba 41 niliupa alama 48 kati ya 100. Kwenye nafasi ya maoni niliandika: "Unaanza polepole, hauna mwelekeo." Kesho yake mchana nikawa nakagua jedwali langu kabla ya kulituma, nikaona kitu kilichonitia baridi. Miswada yote niliyoisoma baada ya saa sita usiku ilikuwa chini ya alama 55. Yote, bila kubakiza hata mmoja. Miswada hupangwa kwa tarehe ya kupokelewa, haiwezekani kazi dhaifu zote ziwe zimesubiriana zikaingia kwa mfuatano.

Nikaurudia ule wa 41. Nitabadilisha vitu vidogo ili mwandishi asitambulike. Mwanamke anafua nguo za mumewe aliyefariki. Kurasa mbili nzima hafanyi lolote ila kugeuza mifuko, mmoja baada ya mwingine, kabla ya kuloweka. Anakung'uta vumbi la tumbaku, anatoa kijiti cha kiberiti, anakiweka pembeni kana kwamba mwenyewe atakirudia. Ukurasa wa tatu anakuta ufunguo. Anaujaribu kwenye kila kufuli la nyumba ile, haufungui hata moja. Huo ndio mwanzo niliouita wa polepole! Mwandishi alikuwa amenifundisha kutazama mifuko kwa makini ili ufunguo ule ukija uniume, nami nilisinzia darasani. Alama 48 zikawa 79, na hadithi ikaingia orodha fupi. Ningetuma jedwali lile jioni ile, ingekufa kwa mkono wangu, na mwandishi asingejua kamwe kwamba kosa halikuwa lake.

Tangu hapo sisomi zaidi ya miswada minane kwa siku, na sisomi usiku. Humwomba mratibu ampe kila jaji mpangilio tofauti, mmoja aanze na namba 1, mwingine namba 20, mwingine namba 40, ili uchovu wetu usiwaangukie watu walewale. Na nikimaliza yote hurudia mitano ya kwanza, kwa kuwa niliipa alama wakati bado sina cha kuilinganisha nacho. Mara nyingi ile ya kwanza ndiyo inayopanda au kushuka zaidi.

Sasa tuje kwenye alama zenyewe. Mashindano mengi hujumlisha alama za majaji, anayepata jumla kubwa anashinda. Inaonekana haki tupu. Lakini chukua hadithi mbili, tuziite Alifu na Be, na majaji watatu. Wawili wa kwanza ni watu wa kiasi, alama zao zote huchezea kati ya 60 na 75. Wa tatu hutoa kuanzia 20 hadi 95. Alifu inapata 72, 70 na 55, jumla 197. Be inapata 66, 65 na 92, jumla 223. Majaji wawili kati ya watatu wanasema Alifu ni bora, ila Be inaondoka na tuzo kwa tofauti ya alama 26. Yule wa tatu ameamua peke yake, na pengine hajui, kwa sababu hakufanya hila yoyote. Ni mkono wake tu ulivyo mpana.

Dawa yake ni ya zamani. Mwaka 1770 mwanahisabati Mfaransa Jean-Charles de Borda alipendekeza wapiga kura wapange wagombea kwa nafasi, kisha nafasi ndizo zigeuzwe kuwa pointi. Kwenye jopo tunafanya hivyohivyo: kila jaji anapanga kumi bora zake, ya kwanza pointi 10, ya pili 9, hadi 1. Mwenye mkono mpana na mwenye mkono mfinyu wanakuwa sawa. Ikiwa mratibu hataki kuacha alama, basi naomba majaji wote wasome kwanza kazi tatu zilizo nje ya shindano, wazipe alama, wakutane waelezane kwa nini mmoja ametoa 80 na mwenzake 50. Saa moja ya kikao hicho inaokoa ugomvi mwingi mwishoni.

Hata hivyo nafasi nazo zina ubaya wake, nao unanisumbua zaidi ya ule wa alama. Hadithi ambayo kila mtu ameiweka ya tatu inaweza kuipita hadithi iliyowachoma moyo majaji wawili na kumchukiza mmoja. Hivyo ndivyo kazi safi isiyo na hatari hupata tuzo. Kwa hiyo kikaoni, kabla jedwali halijafunguliwa, huomba kila jaji ataje hadithi moja tu ambayo ataumia ikiachwa. Hiyo inaingia orodha fupi hata kama wenzake wameizika. Wapo waratibu wanaoona ni kuvuruga utaratibu. Mimi naona jaji asiyekuwa na hata hadithi moja ya kuitetea hakusoma kwa moyo.

Majopo makubwa pia hukwama. Mwaka 2012 majaji watatu wa Pulitzer, tuzo ya Marekani, katika fani ya riwaya walipeleka vitabu vitatu kwa bodi, bodi ikashindwa kupata wingi wa kura kwa kimojawapo, na mwaka ule hakuna riwaya iliyotuzwa. Mwaka 2019 kanuni za Booker zilikataza kugawa tuzo, ila majaji wakang'ang'ania na kuwapa wawili, Margaret Atwood na Bernardine Evaristo. Nikiulizwa, nachagua kufuata kanuni iliyotangazwa. Mshiriki alituma kazi akiamini masharti aliyoyasoma, na sisi hatuna ruhusa ya kuyabadili mlango ukishafungwa.

Kwenye ushairi mambo huwa motomoto zaidi. Tuchukue mshororo ambao nimeutunga mwenyewe kwa ajili ya maelezo haya: "Nimekaa kizingiti, nangojea mwenye nyumba." Ukwapi, yaani kipande cha kwanza, una mizani (silabi) 8, na utao, kipande cha pili, mizani 8. Sasa mwandishi akiandika "nangoja" badala ya "nangojea," utao unabaki na mizani 7. Ni silabi moja. Je, ni kidole kilichoteleza kwenye kibodi, ni kutojua, au ni makusudi?

Tulipata shairi la namna hiyo kwenye jopo moja. Beti tisa zilizonyooka, na mshororo mmoja tu pungufu katika ubeti wa sita. Mwenzetu mmoja, mzee aliyelelewa na mashairi, alikuwa amelipa sifuri kwenye arudhi, yaani kanuni za vina na mizani, akapunguza tena kwenye lugha, akapunguza tena kwenye mvuto. Nikamwambia, "Mzee, naomba utusomee ubeti ule kwa sauti." Hakuusoma, aliuimba. Kidole chake kikawa kinagonga meza kila silabi, na alipofika pale penye upungufu sauti ikavuta irabu yenyewe, kidole kikagonga hewani mara moja, akaendelea. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Likiimbwa linakaa. Likihesabiwa halikai."

Tukafungua vigezo. Arudhi ilikuwa na alama 30 kati ya 100. Tukakubaliana kupunguza alama 2 humo, na kwingine kote tusiguse. Kosa moja halitozwi faini mara tatu. Nimeona miswada mingi ikiangushwa kwa njia hiyo: jaji anakerwa na jambo moja, ghadhabu inamwagika mpaka kwenye vigezo visivyohusika.

Jambo jingine la ushairi ni lahaja. Jaji kijana, msomi mzuri tu, alipunguza alama 6 za tahajia kwa sababu mshairi aliandika "mato" na "nti." Hayo si makosa. Ni macho na nchi kwa Kimvita na Kiamu, lahaja za Mombasa na Lamu, na washairi wameyatumia kwa karne nyingi. Nilimweleza bila kumwaibisha, naye akarekebisha mwenyewe. Kama masharti ya shindano hayakutamka Kiswahili sanifu peke yake, basi lahaja imeingia kwa haki yake, na jaji asiyeijua ana wajibu wa kuuliza kabla ya kuchukua kalamu nyekundu.

Kuficha majina kunasaidia, lakini hakumalizi kila kitu. Msimu mmoja nilifungua mswada nikaitambua aya ya kwanza: nilikuwa nimeisoma miezi kadhaa kabla, mwandishi akiwa kijana ninayemshauri. Siku hiyohiyo nikamwandikia mratibu. Mswada ule ukapata wastani wa majaji wawili waliobaki, na ulipojadiliwa nilitoka chumbani. Yule kijana sikumwambia, wala sikumwambia alipokosa. Naandika haya kwa sababu majaji wapya hudhani kujitoa ni kukiri udhaifu, wakanyamaza wakijiamini kwamba watakuwa waadilifu. Hata ukiwa mwadilifu kweli, wenzako hawana njia ya kujua.

Wizi wa kazi upo. Huchukua sentensi tatu au nne zisizo za kawaida kutoka kila kazi ya orodha fupi nikazitafuta kwenye intaneti kabla mshindi hajatangazwa. Kuhusu akili mnemba, sitegemei zile programu zinazodai kuitambua, kwa sababu huwatuhumu watu wasio na hatia. Naona afadhali mratibu awaombe waliofika mwisho rasimu zao za awali. Aliyehangaika na hadithi yake huwa nazo, zimejaa mikato na vichwa vya hadithi vilivyoachwa njiani.

Linabaki suala la maoni kwa wasioshinda. Katika miswada 60, watu 57 hawatapata kitu ila yale maandishi yetu machache, na hapo ndipo majaji wengi huandika "Kazi nzuri, endelea kujitahidi" mara 57. Naliona hilo kama deni. Mtu ameandika maneno 3,000, nami nashindwa kumpa 50 yanayomhusu yeye tu? Nilimwandikia mshiriki mmoja hivi: "Ukurasa wa 4, baba anaporudisha kikombe mezani bila kunywa, nilijua kwamba amesikia. Aya inayofuata inaniambia kwamba amesikia. Jaribu kuifuta, kisha usome tena." Kuandika hivyo kulinichukua dakika 10 zilezile nilizozitaja mwanzo, mchana, dirisha likiwa wazi, na mswada ulikuwa wa tano kati ya minane ya siku ile.