Nani anaendesha treni ya Chūō?

Wengi huamini kwamba treni za abiria za Tokyo hufika kwa wakati kwa sababu zinaendeshwa na kompyuta. Zipo njia zisizo na dereva, kama Yurikamome. Lakini njia ya Chūō ya mwendo wa haraka, inayotoka Tokyo hadi Takao kilomita 53.1, huendeshwa kwa mkono. Kipande chake cha Shinjuku hadi Tachikawa kilifunguliwa mwaka 1889. Mitambo ya usalama hufunga breki dereva akiikaribia taa nyekundu kwa kasi mno, haimwendeshei treni.

Siri kubwa iko kwenye jukwaa. Asubuhi treni hufuatana kwa takriban dakika mbili, na kinachochelewesha si mwendo bali kushuka na kupanda. Mkoba ukibanwa mlangoni, mlango hufunguliwa tena na treni ya nyuma nayo husubiri. Ndiyo maana Shinjuku kuna njia mbili za reli kwa kila upande wa safari: treni moja ikiwa bado inashusha abiria, inayofuata huingia njia ya pili. Ni mpango mzuri mno.

Ukitaka kuhakikisha, panda behewa la kwanza, simama nyuma ya kioo cha dereva. Utaona mkono ukisukuma na kuvuta wenzo wa mwendo, ratiba mbele ya dereva, na kidole chake kikinyooshwa kuelekea kila taa huku akiitaja kwa sauti. Kuchelewa nako kupo: abiria hupewa cheti cha kumwonyesha mwajiri.