Matarajio ya biashara: kampuni ya umeme wa upepo baharini inapotabiri faida yake

Kampuni yenye hisa sokoni haiishii kueleza ilichovuna mwaka jana. Hutoa pia matarajio ya biashara, yaani makadirio ya faida ya mwaka ulioanza, fedha itakazowekeza na miradi inayotegemea kuikamilisha. Si ahadi. Ni hesabu ya uongozi, tena yenye masharti, na masharti hayo huandikwa kwenye kurasa ambazo wengi huziruka.

Kwa kampuni ya upepo wa baharini, wengi hudhani sharti kuu ni upepo. Ni kweli kwamba mwaka wa upepo hafifu hupunguza umeme wa kuuza, lakini mwaka mmoja hufidiwa na mwingine. Kinachovuruga hesabu zaidi ni riba. Mtambo wa gesi hununua gesi kadiri unavyozalisha; upepo haununuliwi, hivyo karibu gharama yote hutangulia: nguzo za chuma zinazopigiliwa kwenye sakafu ya bahari, nyaya za kufikisha umeme nchi kavu, meli maalumu za kusimika mitambo. Umeme wa kwanza unapouzwa, deni limeshakuwa kubwa. Riba ikipanda kidogo tu, mradi uliokuwa na faida kwenye karatasi unakuwa wa hasara.

Ørsted ya Denmark, ambayo serikali ya nchi hiyo inamiliki zaidi ya nusu ya hisa zake, iliyaonja hayo. Novemba 2023 ilifuta miradi miwili ya Ocean Wind huko New Jersey, Marekani, kwa sababu ya riba, bei za vifaa na ucheleweshaji wa wasambazaji, ikashusha thamani ya mali zake vitabuni kwa kroni za Denmark bilioni 28.4. Miezi michache baadaye ikasitisha gawio na kupunguza lengo lake la uwezo wa mitambo ifikapo mwaka 2030 kutoka gigawati 50 hadi kati ya 35 na 38. Agosti 2025 ikatangaza kuwauzia wanahisa hisa mpya za kroni bilioni 60, na mwezi huohuo serikali ya Marekani ikasimamisha ujenzi wa Revolution Wind, mradi wa kampuni hiyo uliokuwa umekamilika kwa asilimia 80 hivi. Mahakama iliruhusu kazi iendelee mwezi uliofuata, ila hakuna jedwali la makadirio lililokuwa na safu ya amri ya kusimamisha kazi kama hiyo.

Upande wa mapato, jambo la kutazama ni bei. Uingereza hutumia mkataba wa tofauti ya bei: bei ya soko ikishuka chini ya ile iliyokubaliwa, mzalishaji hufidiwa, ikipanda juu, anarudisha ziada. Mikataba hiyo hutolewa kwa mnada, na bei ya ukomo, yaani ya juu kabisa inayoruhusiwa kwenye zabuni, ikiwekwa chini mno, hakuna anayejitokeza. Ndivyo ilivyokuwa kwenye mnada wa 2023, ambao haukupata zabuni hata moja ya upepo wa baharini.

Kwa hiyo ukishika ripoti ya kampuni ya aina hii, mimi ningeanza na muda wa mikataba kabla ya tarakimu ya faida. Mikataba mingi ya Uingereza iliyokwisha kutolewa ni ya miaka 15, ilhali mitambo hutarajiwa kufanya kazi miaka 25 au zaidi. Miaka inayobaki, umeme utauzwa kwa bei ya soko ya siku hiyo.