Loram hakuokota ubingwa

Jumamosi nimeinama nafunga mnyororo, kijana akanisogelea: "Fundi, huyo Mark Loram wenu alikuwa bingwa wa nini, na hakushinda hata mashindano mamoja?" Nimeulizwa swali hilo mpaka basi. Spana ilikuwa mkononi, ashukuru Mungu.

Ni kweli. Mwaka 2000 Mwingereza yule alitwaa ubingwa wa dunia wa spidiwei, mbio za pikipiki kwenye uwanja wa udongo, bila kushinda hata moja kati ya Grand Prix sita, yaani raundi za msimu. Hesabu ya wakati ule: wa kwanza kwenye fainali ya kila Grand Prix pointi 25, wa pili 20, wa tatu 18, wa nne 16. Ukishinda leo, mara mbili zinazofuata ukatolewa mapema, umeachwa na mtu anayeokota zake kila kituo. Kuna ubishi gani hapo?

Gia moja, breki hakuna, methanoli, mizunguko minne: hayo mnayajua. Kinachonikera ni kwamba mnahesabu vikombe bila kuangalia alikotokea. Loram alikuwa mzito wa kuondoka. Kamba ya kuanzia ikiruka, ukiachia klachi haraka tairi la nyuma linachimba papo hapo au la mbele linapaa. Ukisita, watatu wameshakutangulia kwenye kona na udongo wao wote uko usoni mwako. Unabandua karatasi ya plastiki kwenye miwani, ya pili, ya tatu, huku pikipiki imelala na usukani umekatwa kulia ilhali unakwenda kushoto. Ndani ni njia fupi, lakini pameshasuguliwa, panateleza. Loram alikwenda nje, karibu na ukuta, kwenye udongo uliolegea ambako tairi linapata cha kung'ata. Hapo hupunguzi mafuta. Ukipunguza, pikipiki inanyooka na ukuta ndio huo.

Kama kuchelewa kule kulikuwa mkono wake au klachi, sitajitia kujua. Nimewahi kufunga klachi ileile, mpangilio uleule, mwendesha pikipiki wangu akatoka kama risasi Ijumaa, Jumapili akabaki kwenye kamba ya kuanzia.

Bingwa Mwingereza wa kabla yake alikuwa Gary Havelock, 1992. Baada yake Waingereza walisubiri mpaka Tai Woffinden, 2013.

Kijana akasema bado ni bahati. Nikampa miwani ya mbio iliyopita aifute. Alisugua kama dakika tano hivi.