Ingmar Bergman hakuwa mtu wa filamu tu

Wengi humtaja Ingmar Bergman wa Uswidi kama mwongozaji wa filamu aliyegusagusa jukwaa pembeni, kisha akastaafu baada ya filamu yake Fanny and Alexander ya 1982. Mambo yalikuwa kinyume. Ajira yake ilikuwa tamthilia. Filamu alizipiga zaidi majira ya kiangazi, majumba ya maonyesho yalipofungwa.

Mwaka 1944, akiwa na miaka 26, alikabidhiwa kuendesha jumba la maonyesho la mji wa Helsingborg. Utamu wenyewe uko kwenye jumba la mji wa Malmö, alikofanya kazi kuanzia 1952 hadi 1958. Max von Sydow na Bibi Andersson, tunaowajua kwa sura zao kwenye sinema, walikuwa waigizaji wake wa jukwaani huko. Hata The Seventh Seal ya 1957, ile ya shujaa anayecheza sataranji na Mauti, ilichipuka kutoka mchezo mfupi aliowaandikia wanafunzi wa uigizaji wa Malmö.

Januari 1976 polisi walimfuata kwa madai ya kodi. Walimkuta wapi? Kwenye mazoezi ya mchezo wa Strindberg, mwandishi wa tamthilia wa Uswidi, katika jumba la taifa la Stockholm, Dramaten. Madai yalifutwa, lakini alihama kwa hasira na kwenda kuongoza tamthilia Munich, Ujerumani.

Na huko "kustaafu"? Aliaga sinema tu, tena nusunusu, maana aliendelea kutengeneza filamu za televisheni. Jukwaani alikuwepo hadi 2002, akiongoza mchezo wa Ibsen, mwandishi wa tamthilia wa Norwe, akiwa na miaka 83.